Mkono wa Kazi, Mkono wa Harusi

Jumapili, tarehe nane ya mwezi wa saba. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kiangazi, ile inayouma masikio, halafu jua lilipopanda upepo ukaanza kuleta vumbi kutoka upande wa barabara ya Lamadi, na Bariadi yote ikawa rangi moja. Malori mawili ya pamba yalipita yakiwa yamejaa kupita kiasi, nyuzi nyeupe zikanasa kwenye minyaa ya ua wetu. Mke wangu alitoka kuzichambua, akasema ni uchafu. Mimi nilikaa nikiziangalia tu.

Kabla ya mchana rafiki yangu alishuka kwenye basi kutoka Lamadi. Alishika mfuko wa furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni, anapopenda kuuweka akiwa safarini.

“Mwangaluka, shemeji,” mke wangu alimwambia.

“Mwadila!” akajibu. “Jua liko utosini, wewe unanisalimia salamu za asubuhi kama nililala hapa?”

Tulicheka. Akakaa, akatoa mkono mfukoni kwa sababu hapa ni kwake, na mimi nikakumbuka yale ninayotaka kuyaandika leo. Nimewahi kuyaanza nikaacha. Wengine waliokuwepo bado wako hai, na sitaki kumwonea mtu kwa kalamu.

Yeye na mimi tulikuwa zimamoto. Si hapa mjini. Ilikuwa katika mji mdogo wa pamba ambao sitautaja, miaka ile tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga, soko huria lilipoingia. Kabla yake mnunuzi wa pamba alikuwa mmoja tu, ushirika. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na godauni lake la mabati kando ya barabara. Ushirika ulipodhoofika uliiachia halmashauri gari lake la kuzimia moto. Lilikuwa gari zee, ila pampu yake ilikuwa nzima, na halmashauri ikatuajiri watu wanne wa kulitunza.

Mkuu wa kituo alikuwa mzee aliyejifunza kazi Mwanza. Wa pili alikuwa dereva. Wa tatu alikuwa rafiki yangu, aliyeshika mdomo wa mpira wa maji, yaani anayekwenda mbele kabisa motoni. Wa nne mimi, niliyeubeba mpira nyuma yake. Kazini niliuona mgongo wake kuliko uso wake, na mpaka leo nikimwona kwa mbali stendi namtambua kwa mgongo.

Mkuu alikuwa na taratibu zake za mavazi. Buti zilikaa zikielekea mlangoni, suruali imekunjwa juu yake, ili rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu ikigongwa uingize miguu na kuipandisha suruali kwa mkupuo mmoja. Nilikuwa naota nikifanya hivyo. Kofia ngumu moja ilikosa mkanda, tukaifungia tyubu ya baiskeli. Makoti ya turubai tuliyarithi kutoka ushirika, nayo hatukuyafua. Mkuu alisema maji yanachosha uzi, lakini nadhani sababu kubwa ilikuwa nyingine: koti lililoiva kwa moshi lilikuwa sifa. Koti safi lilikuwa la mtu aliyebaki kituoni.

“Masizi ndiyo nyota zetu,” mkuu alikuwa akisema, akijipigapiga begani.

Mke wangu hakuziona hizo nyota. “Koti lako linanuka mpaka kwenye maziwa,” aliniambia, akalifukuza ndani ya nyumba. Likawa linalala kwenye kamba na kuku.

Aliyeyashona makoti yakipasuka ni rafiki yangu. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana, na jioni alishonea watu barazani kwake. Mwaka ule cherehani yake haikuwa ya kujazia mboga tu. Ilikuwa imeshatangazwa kwamba serikali inapunguza watumishi, na sisi wa vituo vidogo tulijua upepo unavuma kwetu. Kila mtu aliwaza atakula nini akipunguzwa. Dereva alisema atarudi kuchunga kwa kaka yake kule Kimali. Mimi sikuwa na la kusema. Yeye peke yake alikuwa ametulia.

“Wakinipunguza leo, kesho naamka na kazi,” alisema, akainua mikono yote miwili na kuchezesha vidole. “Hawa kumi hawamo kwenye orodha ya mtu.”

Ndiyo miaka ambayo mitumba na vitambaa vya nje viliingia kwa wingi, na watu walichanganyikiwa. Akiletewa kitambaa, kabla ya kupima alichomoa uzi mmoja kwenye pindo, akauwashia kiberiti. Uzi ukiacha majivu na harufu ya karatasi, ni pamba. Ukijikunja ukawa tone jeusi gumu, ni nailoni.

“Hii usiivae jikoni, mayu,” aliwaambia wanawake. “Nailoni haiungui kama nguo, inayeyuka. Itakushika.”

Niliyasikia maneno hayo mara nyingi, hata yakawa kama wimbo wa barazani kwake.

Sasa niseme habari za fedha, kwa kadiri nilivyozielewa, na sikuzielewa sana. Halmashauri ililishwa na ushuru wa pamba. Zamani ushirika uliulipa wote kwa mkupuo. Wanunuzi binafsi ikabidi wafuatwe barabarani, godauni kwa godauni, na gari la kuwafuata linakunywa dizeli. Dizeli ilitolewa kwenye fungu lenye dizeli, na fungu hilo lilikuwa letu. Kwa hiyo kila mwezi wa sita, mwaka wa serikali ukiisha, mkuu aliambiwa fungu la zimamoto limebaki kidogo, anunue kitu upesi kabla halijarudishwa.

Mwaka ule aliomba glavu za ngozi, jozi nne. Karani aliyetumwa Mwanza akarudi na jozi mbili. Mkuu alikwenda kwa mweka hazina, akanichukua nimsindikize, ndiyo maana nayajua mazungumzo yao.

“Bwana mkubwa, jozi mbili kwa watu wanne?”

“Nyie watu wazima, mkuu. Mtagawana.”

“Moto haugawanyiki.”

Mweka hazina alivua miwani, akajipangusa macho. Alionekana amechoka. “Zahanati imeomba magodoro, nimewapa nusu. Shule imeomba madawati, nimewapa nusu. Nikiwapa nyie yote, nitapita wapi mimi? Moto hauji kila siku, mzee wangu. Mtoto wa kuharisha anakuja kila siku.”

Sikumchukia kwa neno hilo. Nilikuwa na mtoto mdogo nyumbani wakati ule, na nimelipima neno lile miaka yote hii bila kuona uongo ndani yake.

Tuliporudi mkuu alizipanga glavu mezani. Kulia, kulia, kushoto, kushoto. Tukazitazama. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwetu ng'ombe akichinjwa kila mlango unapelekewa kipande, hata mwenye ugomvi nawe, na wakubwa wetu wa siasa nao walitulea kwa neno hilohilo la kugawana. Kila mtu akachukua moja. Rafiki yangu na dereva walipata za kulia, mkuu na mimi za kushoto.

“Tukifa pamoja,” dereva akasema, “angalau mbinguni tutafika na jozi mbili kamili.”

Tulijiona tumetenda haki, na tukaenda kunywa chai.

Muda si mrefu ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa wa kitaifa atapita, na zimamoto watasimama kwenye gwaride. Hapo zikaja glavu nyingine, nyeupe, laini, za kufungwa kwa kishikizo kwenye kifundo cha mkono. Kila mtu jozi yake nzima. Mkuu alipoona hivyo alirudi kwa mweka hazina kuuliza kama hizo zisingeweza kubadilishwa kwa za ngozi.

“Hizo zimetoka fungu la sherehe,” alijibiwa. “Fungu la sherehe halinunui vifaa vya moto. Mkaguzi akija akakuta ngozi kwenye gwaride, atanibana mimi, si wewe.”

Naamini alisema kweli. Sheria za mahesabu sizijui. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na fungu lenye fedha na fungu lisilo na fedha, na kati yake ukuta.

Mgeni alipita, vumbi lake likatulia. Glavu nyeupe zikabaki kituoni. Nani alikuwa wa kwanza kuvaa nyeupe kwenye mkono uliokuwa mtupu, sikumbuki. Dereva anasema ni mkuu. Mkuu kabla hajafariki alisema ni dereva. Rafiki yangu anasema ni yeye mwenyewe, lakini yeye ana tabia ya kubebea wenzake mizigo, kwa hiyo hilo nalo siliamini sana. Nakumbuka tu siku moja tulikwenda kuzima paa la jiko la mtu, wote wanne mkono mmoja ngozi, mmoja mweupe, na ilionekana jambo la maana. Ni bora kitu kuliko mkono mtupu. Nani angebisha?

Wanawake wauza nyanya sokoni ndio waliotupa jina.

“Hebu waoneni! Mkono wa kazi, mkono wa harusi!”

Rafiki yangu aliinua ule mweupe, akawapungia kutoka kwenye gari. “Bibi harusi yuko wapi sasa? Mnapiga vigelegele bure!”

“Kazime moto kwanza, bwana harusi, utamkuta!”

Basi jina likashika. Kila tulikopita, “Mkono wa harusi!” Tulilipenda. Sikumbuki wakati mwingine ambapo watu wa mji ule walitupenda hivyo.

Moto mkubwa ulikuja mchana wa kiangazi kama wa leo, wenye upepo kama huu. Rimu iligongwa na mlinzi wa godauni la mnunuzi mmoja wa pamba. Chanzo wengine walisema ni bomba la moshi la trekta, wengine sigara ya mbeba mizigo. Mimi sikuona, siwezi kusema. Tulifika mapema, hilo naweza kulitetea mbele ya mtu yeyote. Maji yalikuwemo, pampu ikashika mara ya kwanza.

Asiyeijua pamba anadhani inalipuka kama nyasi kavu. Moto wa pamba unaingia ndani ya gunia na kulala. Juu unaona moshi kidogo tu, na ukimwaga maji yanateleza kama juu ya mgongo wa bata, kwa sababu pamba mbichi ina mafuta yake. Lazima ulifungue gunia, uingize mdomo wa mpira mpaka kwenye tumbo lake. Rafiki yangu aliushika mpira kwa mkono wa kulia, wenye ngozi, akafungua kwa wa kushoto. Gunia la kwanza, la pili. Nilikuwa nyuma yake nikisukuma mpira, nikiutazama mgongo wake. Nje wenye pamba walikuwa wanapiga kelele kutuelekeza, kila mmoja kwenye magunia yake.

Mara akasema, bila kupaza sauti, “Glavu inanishika.”

Nilidhani imenasa kwenye katani ya gunia. “Ivue, baba.”

“Haivuliki.”

Hapo ndipo akageuka, na nikauona uso wake. Akanikabidhi mpira kwanza. Alinikabidhi mpira, nikauchukua, ndipo akatoka nje. Tulizima. Pamba nyingi ilipona, na wenyewe walitushukuru sana, baadhi kwa machozi.

Ya hospitali sitayaandika yote. Kile kitu cheupe kilikuwa nailoni. Sisi watu wa pamba, tuliozaliwa kwenye pamba na kulala juu ya pamba, tuliishika, tukaivaa, tukaipungia watu, hatukuitambua. Nyeupe na laini, tukaona itakuwa nini tena?

Nilipokaa naye kitandani nilimuuliza polepole, “Na wewe hukuichoma uzi?”

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefungwa bandeji. “Nilitaka. Nilishatoa kiberiti. Nikaona muhuri wa halmashauri pale kwenye pindo. Nikasema, mali ya serikali haichomwi kiberiti. Wataniambia nimeharibu.”

Mweka hazina alikuja kumwona. Nataka hili lisomwe pamoja na yale mengine. Alikuja mara mbili, mara ya pili na mke wake na sukari, akakaa muda mrefu kuliko adabu inavyotaka. Akasema akitazama dirisha, “Za pamba zilikuwepo pale dukani. Bei ilikuwa ileile. Karani alichagua hizi kwa sababu zinang'aa.”

Vidole vitatu vilipona vikiwa vimejikunja, kama vinashika kitu ambacho hakipo. Watu walimpa pole wakisema, ashukuru Mungu ni wa kushoto. Hata mimi nilisema hivyo. Sikujua. Nilidhani mkono wa kulia ndio unaoshona. Siku moja barazani kwake nilikaa kwenye cherehani yake kujaribu, naye akanielekeza, ndipo nikaona: mkono wa kulia unazungusha gurudumu la kuanzia tu, halafu unasaidia. Wa kushoto ndio unaokiongoza kitambaa, unaokipeleka na kukizuia. Bila wa kushoto mshono unakwenda unakotaka. Alikuwa amejaribu shati la mtoto wake, na mstari wa bega ulipinda kama njia ya ng'ombe.

Bajeti iliyofuata walitupa glavu za ngozi jozi nne kamili, bila kubishana. Ila upunguzaji ulikuwa umeshapita. Mkuu alipunguzwa kwa umri na rafiki yangu kwa mkono. Glavu zilikuwa jozi nne na watu tulikuwa wawili. Jozi mbili zilikaa stoo kwenye nailoni zake mpaka kituo kilipofungwa.

Alipofungiwa mlango wa zimamoto, ule wa pili ulikuwa umeshajifunga. Cherehani ilikaa ukutani imefunikwa kitenge kwa muda, halafu akaiuza, akapata mtaji wa kuanza biashara ya furu na dagaa na mke wake kule Lamadi. Wanaendelea vizuri. Simsemei kama mtu aliyeanguka, maana hajaanguka. Lakini hajawahi kushona tena. Kila anapokuja hapa namwona akishika kola ya shati langu, akiutazama mshono, halafu anaiachia.

Nimeigeuza habari hii kila upande. Nilikuwa na glavu ya kushoto mimi, mtu wa nyuma. Tungebadilishana, wa kushoto wake ungepona, na wa kulia ungeungua, na hapo sijui ningeandika nini leo. Kwa hiyo si kubadilishana. Dawa ilikuwa ndogo, hata aibu kuitaja: jozi nzima kwa mtu wa mbele. Watu wa nyuma wagawane iliyobaki, au wakae mikono mitupu, nyuma hakuna moto. Ngozi mbili kwa mtu mmoja. Ilikuwepo pale mezani siku ile, kulia, kulia, kushoto, kushoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiona, kwa kuwa macho yetu yalikuwa yanahesabu watu.

Leo mchana, upepo ukiwa umepungua, nilimwambia hivyo. Sijawahi kumwambia. “Tungekupa zote mbili wewe.”

Alikuwa anachambua furu kwenye ungo, akiwatupia kuku vichwa vilivyovunjika. Hakuacha.

“Nani angechukua?”

“Wewe. Uliyekuwa mbele.”

“Ungekuwa wewe mbele, ungechukua? Wenzako watatu wanakutazama na jozi moja kati yao?”

Nilifikiri sana, kwa sababu aliuliza kwa kweli.

“Basi,” akasema. “Hata mimi nisingechukua. Ningebaki na vidole, nikose uso.” Halafu akanisukumia ungo. “Hebu chambua na wewe. Tangu nimefika unanitazama mgongo tu.”

Nikachambua. Nilitaka kumwambia kwamba uso ungerudi, vidole havirudi, lakini ni rahisi kusema hivyo mtu akiwa na vyake kumi. Labda ana haki. Labda sote wawili tuna haki, na ndiyo maana jambo lenyewe haliishi.

Jioni mke wangu alipika ugali wa mtama na wale furu kwa nyanya na karanga za kusaga, na nsansa, mboga kavu ya majani ya kunde, kidogo pembeni kwa sababu anajua mgeni anaipenda. Alituletea maji ya kunawa, kila mtu akanawa mkono mmoja. Tulikula sinia moja. Kila mtu alimega kwa wa kulia, wa kushoto umetulia gotini, na mgeni asiyetujua angekaa nasi mpaka ugali uishe asijue ni nani kati yetu aliyeungua.